Gari la Injeksheni Likigoma Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba inayopanda kwa kona za kubana, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Unaiacha tambarare ya mkonge ikiwa na joto linaloweza kuzidi nyuzi 30 mchana, mita mia nne na ushee juu ya usawa wa bahari. Ukifika mjini Lushoto uko mita zipatazo 1,400, mahali ambapo alfajiri ya Julai watu hutoka nje na makoti. Kwa abiria, njia hii ni ya kupumzisha macho. Kwa gari la spoti la miaka ya 1960 au 1970 lenye injeksheni ya petroli, ni mitihani miwili ndani ya siku moja: kuwaka injini ikiwa ya moto kupita kiasi, na kuwaka injini ikiwa baridi kweli kweli.

Mara nyingi gari hushindwa mmojawapo. Linapanda vizuri, linasimama Soni kwenye maporomoko ya maji, wenye gari wananunua mapeasi kando ya barabara, kisha stata inazunguka na injini haishiki. Au linafika salama, linalala nje ya nyumba ya wageni, na asubuhi umande ukiwa bado juu ya kioo linapigwa stata hadi betri inalegea. Hapo ndipo watu husema mlima umelishinda gari. Ukweli ni kwamba mlima haujaharibu chochote. Umefichua ubovu uliokuwapo siku nyingi, na kwa fundi anayesikiliza umeshamfanyia nusu ya kazi, kwa sababu umetenganisha matatizo mawili ambayo Dar es Salaam yangechanganyika.

Magari ya namna hii si wageni katika milima hii. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakawa yanafanyika msimu wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Yakaja kuitwa East African Safari Rally, na barabara za udongo za Usambara zikawa miongoni mwa sehemu ambazo madereva walizifikia kwa hofu. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake.

Katikati ya miaka hiyo kuna ushindi ambao Watanzania tungeutaja mara nyingi zaidi. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akisaidiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967. Gari lake lilikuwa Peugeot 404 ya injeksheni. Wakati ambapo magari mengi barabarani yalitegemea kabureta, gari lililotoka hapa kwetu lilipita matope, mito na vumbi la nchi tatu likiwa na pampu ya injeksheni, tena mara mbili mfululizo. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda kwa Peugeot 504 ya injeksheni. Anayesema injeksheni ya zamani haifai barabara za Afrika ajibu kwanza historia hiyo.

Porsche nayo ilihangaika sana na Safari bila kushinda. Björn Waldegård alikuwa wa pili mwaka 1974 kwa 911 Carrera RS, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Vic Preston Jr wa Kenya akawa wa pili kwa 911 SC, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 V6 Coupé. Ilibidi kusubiri hadi mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic yaliyoanzishwa mwaka 2003, ndipo Waldegård yuleyule aliposhinda kwa 911 mwaka 2011. Mashindano hayo yamewahi kuvuka mpaka na kuingia Tanzania zaidi ya mara moja, na ndiyo yaliyowarudishia vijana wa kaskazini sauti ya injini ambazo baba zao walizikimbilia barabarani kuzitazama.

Sasa tuingie chini ya boneti, au kwa 911, chini ya mfuniko wa nyuma. Injeksheni za petroli za enzi hiyo, zile ambazo msomaji anaweza kukutana nazo huku, ziko za koo mbili kuu.

Ya kwanza ni ya pampu ya mitambo. Ile ya Peugeot 404 na 504 ilitengenezwa na Kugelfischer, kampuni ya Schweinfurt, Ujerumani. Carrera RS ya mwaka 1973 ilitumia ya Bosch. Pampu hii huzungushwa na injini yenyewe na ina pistoni ndogo kwa kila silinda, kila moja ikisukuma tone lake kwa zamu. Kiasi cha mafuta huamuliwa na kipande cha chuma kilichochongwa kwa umbo la pekee, ambacho husogea kadiri unavyokanyaga mafuta na kadiri injini inavyozunguka. Fundi aliyezoea pampu za dizeli za Land Rover na malori ataielewa haraka kuliko kijana aliyefundishwa kompyuta peke yake. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wenye magari huwapita mafundi wa pampu za dizeli wa Korogwe na Tanga bila hata kuwasalimu, wakikimbilia Dar es Salaam kwa mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari. Mashine hiyo haina pa kuchomeka kwenye gari la mwaka 1967.

Ya pili ni K-Jetronic ya Bosch, iliyoanza kutumika kwenye 911 mwaka 1973 na baadaye ikaenea hadi Golf GTI na Mercedes 450 SL na SLC. Hii haina pistoni ya kusukuma kwa zamu. Pampu ya umeme hupeleka petroli kwa presha isiyokoma, na nozeli zote humwaga bila kupumzika muda wote injini inapozunguka. Kiasi hupimwa na hewa: injini ikivuta, hewa hunyanyua bamba la duara, bamba husukuma mkono, mkono hunyanyua pistoni nyembamba ndani ya kichwa cha kugawa mafuta, na kila nozeli hupata sehemu yake. Hakuna kompyuta. Kuna chuma, hewa na petroli vinavyosukumana, na kwa hiyo kila kitu kinaweza kupimwa kwa geji ya presha.

Geji hiyo ndiyo kifaa ambacho karibu kila gereji inayogusa magari haya haina. Badala yake kuna kubahatisha: badilisha plagi, badilisha koili, badilisha pampu, na kila kipuri kinaagizwa kutoka Ulaya kwa bei ya ng'ombe. Kwa gharama ya pampu moja iliyobadilishwa bila sababu unaweza kununua geji yenye vali na mipira yake, ukabaki nayo maisha.

Kabla ya geji lakini kuna mambo ya bure. Je, stata inazungusha injini kwa kasi ya kawaida? Betri iliyochoka ikikutana na oili nzito ya asubuhi ya Lushoto huzungusha injini polepole mno, na hakuna injeksheni itakayokuokoa. Je, moto upo kwenye plagi? Kwenye 911 SC unaweza kuanza kwa sikio tu: ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, sanduku la umeme wa moto hutoa mlio mwembamba usiokatika. Kukiwa kimya kabisa, anza na nyaya na fyuzi, usiiguse petroli. Kisha sikiliza pampu ya mafuta. Kwenye 911 za katikati na mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna swichi ya usalama kwenye bamba la hewa inayozuia pampu isifanye kazi mpaka bamba linyanyuke. Ukichomoa plagi ya swichi hiyo na kufungua ufunguo, pampu inapaswa kuvuma mara moja. Isipovuma, kagua relei na fyuzi zake, ambazo kwenye magari yaliyokaa pwani huwa zimeota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi.

Pampu ikivuma na moto ukiwepo, swali la kufuata ni lile ambalo mlima umeshaliuliza: gari liligoma likiwa baridi au likiwa la moto?

Tuchukue asubuhi ya Lushoto. Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, sehemu kubwa hubaki matone kwenye kuta za manifodi, na injini inahitaji mafuta zaidi ili ishike. Kwenye gari la kabureta kazi hiyo ni ya choki. Kwenye K-Jetronic imegawanywa kwa vifaa vitatu. Cha kwanza ni nozeli ya baridi, ambayo hupuliza petroli ya ziada ndani ya manifodi wakati stata inazunguka. Nozeli hii huongozwa na swichi ya joto na muda, iliyofungwa kwenye injini ili ihisi joto lake: injini ikiwa chini ya nyuzi 35 hivi, swichi hukamilisha njia ya umeme kwa sekunde chache, kisha hukata ili injini isizame mafuta. Cha pili ni regyuleta ya joto, ambayo hupunguza presha inayokandamiza ile pistoni ya kichwa cha kugawa, ili bamba linyanyuke kirahisi na mafuta yawe mazito. Cha tatu ni vali ya hewa ya ziada, inayoruhusu hewa kupita pembeni injini ikiwa baridi ili isizime kwa kukosa pumzi.

Hapa pana jambo ambalo wenye magari wengi wa pwani hawalijui. Dar es Salaam au Tanga, injini inaamka kwenye hewa ya joto karibu mwaka mzima. Katika joto hilo gari linaweza kuwaka hata kama nozeli ya baridi imekufa kabisa. Mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kujua. Siku anapolileta Lushoto kwa mapumziko ya Desemba hatambui kitu, maana usiku wa Desemba si mkali. Akilileta Julai, asubuhi ya nyuzi 10 inamwambia ukweli.

Kuipima ni rahisi. Chomoa plagi ya umeme ya nozeli ya baridi, weka taa ya majaribio kwenye nyaya zake, mwambie mwenzako apige stata injini ikiwa imelala usiku kucha. Taa inapaswa kuwaka kwa sekunde kadhaa kisha izime. Isipowaka, swichi ya joto au waya wake umekufa. Ikiwaka isizime, swichi imeganda, na injini itakuwa inakunywa petroli kuliko inavyoweza kuchoma. Taa ikifanya kazi sawasawa, hamia kwenye nozeli yenyewe: ifungue kutoka kwenye manifodi bila kuitenga na bomba lake la mafuta, ielekeze ndani ya chupa, na uangalie kama inapuliza.

Kisha ije geji. Ifunge kati ya kichwa cha kugawa mafuta na regyuleta ya joto, washa pampu bila kuwasha injini. Kwa vali ya geji ikiwa imefungwa unasoma presha ya mfumo mzima. Kwa 911 SC iwe takribani baa 4.5 hadi 5.2, na baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa yenyewe kwenye usawa wa bahari. Vali ikifunguliwa unasoma presha ya kukandamiza ikiwa baridi. Hiyo hutegemea joto la asubuhi na namba iliyochapwa kwenye regyuleta, na kila namba ina jedwali lake, lakini kwa nyuzi 20 mara nyingi huangukia kati ya baa 1 na 2, na baridi ikizidi hushuka zaidi. Ukikuta baa 3 na kitu asubuhi ya baridi, umeshampata mkosaji: regyuleta inadhani injini tayari ina joto, mafuta yamekuwa mepesi, na utapiga stata hadi kesho. Waya wa regyuleta ukiwa na umeme, presha inapaswa kupanda taratibu ndani ya dakika chache hadi karibu baa 3.4 hadi 3.8. Isipopanda kabisa, gari litawaka vizuri asubuhi halafu litoe moshi mweusi na kugugumia kwenye kona za Magamba.

Kwa pampu ya Kugelfischer mambo yanafanana kwa maana, ingawa vifaa ni tofauti. Kuna kopo dogo lenye nta ndani yake, linalozungukwa na maji ya rejeta. Maji yakipata moto nta hutanuka, husukuma kijiti, na mafuta ya ziada hupunguzwa. Maji yakipungua au njia yake ikiziba kwa kutu, nta haipati joto, na injini hubaki inalishwa kana kwamba ni alfajiri. Plagi zinakuwa nyeusi na zenye unyevu, na safari inayofuata gari haliwaki. Wengi hulaumu pampu na kuifungua, kosa ambalo ni gumu kulirekebisha, maana pampu hiyo ikishafunguliwa bila vifaa vya kuipima hairudi ilivyokuwa. Angalia maji ya rejeta kwanza. Shika kwa mkono mpira unaoingia kwenye kopo la nta baada ya injini kuchemka. Ukiwa baridi, umepata jibu bila kugusa hata skrubu moja ya pampu.

Jaribio linaloeleza mambo mengi kwa wakati mmoja ni la chupa. Kwa 911 unachomoa nozeli zote 6 kutoka kwenye injini zikiwa bado na mabomba yake, kila moja unaitumbukiza kwenye chupa tupu ya soda iliyo safi, ya kioo kisicho na rangi. Fanyia nje penye hewa, betri ikiwa mbali na cheche, kizima moto kikiwa wazi mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine, na asiwepo mvutaji sigara hata hatua ishirini. Pampu inawashwa, bamba la hewa linanyanyuliwa kwa kidole au kwa sumaku. Hapo nozeli huanza kulia, sauti kali ya pamoja, na ndani ya kila chupa hutokea ukungu wa umbo la pia, mwembamba kama wa dawa ya mbu. Nozeli nzuri hufunguka presha ikizidi kidogo baa 3. Inayotoa mchirizi ulionyooka badala ya ukungu haifai kwa asubuhi ya baridi hata kama kiasi chake ni sahihi, kwa sababu mchirizi hauchanganyiki na hewa. Ukishusha bamba, zote zikauke papo hapo. Subiri kidogo uangalie ncha zake: inayodondosha tone baada ya tone inavuja, na hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye tatizo la pili, la Soni.

Gari lililopanda kutoka Mombo limefanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo. Gia ya pili, gia ya tatu, kona, lori mbele. Injini imepata moto kuliko ingekuwa kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha. Inapozimwa, feni yake husimama, upepo husimama, na joto lililokuwa ndani ya chuma hupanda kwenye mabomba ya mafuta. Petroli huanza kuchemka kwenye joto dogo, sehemu zake nyepesi hata chini ya nyuzi 40, na hapa juu hewa inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko Tanga, kwa hiyo inachemka mapema zaidi. Kinachoizuia ni presha peke yake. Ndiyo maana K-Jetronic imeundwa ibaki na presha baada ya kuzimwa. Kuna vali ya kuzuia kurudi kwenye pampu, na kuna kopo la kutunzia presha, ambalo mafundi huliita akyumuleta. Presha hiyo ikibaki, petroli hubaki maji. Ikitoroka, mabomba hujaa mvuke, na ukipiga stata unapuliza mvuke mtupu.

Dalili yake haifichiki. Gari linawaka baridi bila shida. Linawaka pia ukilizima na kuliwasha papo hapo. Linagoma likikaa kama dakika 10 hadi 40, na baada ya saa kadhaa linakubali tena kana kwamba hakukuwa na ugomvi. Mwenye gari akiisimulia hivyo, fundi asiguse nozeli ya baridi wala regyuleta. Afunge geji, azime injini, na aiangalie. Presha itashuka kidogo kwanza, kisha isimame. Baada ya dakika 20 iwe bado juu ya baa 1 na kitu. Ikianguka hadi sifuri ndani ya dakika chache, kuna mahali inatorokea, na mahali hapo ni pachache.

Bana mpira wa kurudishia mafuta kwenye tanki. Presha ikisimama, kosa ni oringi ndogo ya vali ya presha kwenye kichwa cha kugawa, kitu cha bei ndogo kinachotesa watu miezi. Ikiendelea kuanguka, kagua tundu la nyuma la akyumuleta: likiwa na petroli, ngozi ya ndani imepasuka na hakuna matengenezo, ni kubadilisha. Akyumuleta ikiwa kavu, shuku vali ya pampu, ambayo kwenye pampu nyingi huuzwa peke yake. Halafu zile nozeli zinazodondosha, pamoja na nozeli ya baridi. Hiyo ya mwisho ni hatari zaidi, kwa kuwa ikivuja injini ikiwa ya moto hujaza manifodi petroli, gari likagoma kwa kuzidiwa mafuta wakati dalili inafanana na kukosa mafuta. Ukanyage pedali hadi chini unapopiga stata: likishika kwa kikohozi na moshi mweusi, lilikuwa limezama. Likibaki kimya, lilikuwa na mvuke.

Kwa aliyekwama Soni bila geji wala fundi, kuna la kufanya. Fungua mfuniko wa injini, acha hewa ya mlima iingie kwa robo saa. Kama gari lako pampu huvuma kwa kufungua ufunguo tu, fungua na kufunga ufunguo mara kadhaa kabla ya stata ili mvuke urudishwe kwenye tanki. Usimwagie maji mabomba ya moto, na usiendelee kupiga stata mfululizo, maana stata ya zamani ikiungua Soni utalala Soni.

Kuna ubovu mmoja usiochagua baridi wala joto, nao ni hewa inayoingia bila kupitia kwenye bamba. K-Jetronic inatoa mafuta kulingana na hewa iliyoiona. Hewa ya wizi haiioni. Mpira wa manifodi uliopasuka, sili ya nozeli iliyokauka, hata kifuniko cha oili kisichobana au kijiti cha kupimia oili chenye oringi iliyoliwa, vyote huyafanya mafuta kuwa mepesi na kuwaka kuwa kugumu. Kwenye 911 kuna adhabu ya ziada: mchanganyiko mwepesi asubuhi ya baridi huweza kulipuka ndani ya sanduku la plastiki la hewa na kulipasua, na sanduku lililopasuka huingiza hewa zaidi ya wizi. Wamiliki wengi hufunga vali ya kupumulia kwenye sanduku hilo, na kwa gari linalolala milimani sioni sababu ya kutoifunga.

Na kuna uchafu. Gari lililokaa miaka kwenye banda la pwani huwa na kutu ndani ya tanki na petroli iliyogeuka gundi. Pistoni ya kichwa cha kugawa mafuta inaingia kwenye tundu lake kwa nafasi ndogo kuliko unywele, gundi kidogo tu huiganda. Kabla ya kulipandisha gari kama hilo, mwaga tanki, lioshe, badilisha filta, kisha endesha wiki mbili na ubadilishe filta tena. Madumu ya petroli ya kando ya barabara yasikaribie gari hili. Maji yaliyomo kwenye dumu moja yanatosha kuua kichwa cha kugawa ambacho bei yake inazidi thamani ya pikipiki mpya.

Yote haya yakishindikana, au kabla hata hayajajaribiwa, hutokea mtu mwenye ushauri wa kung'oa injeksheni na kufunga kabureta. Nimeona 504 na Mercedes zilizofanyiwa hivyo, matundu ya nozeli yakiwa yamezibwa kwa boliti, pampu ya Kugelfischer ikiwa imeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Naelewa kwa nini: mwenye gari anataka kufika kazini. Lakini huo ndio mfumo ambao Shankland alishinda nao akitokea Tanzania, na kila unapong'olewa nchi inabaki na mmoja pungufu, na fundi mmoja pungufu anayejua jinsi ulivyofanya kazi. Kabureta kwenye manifodi iliyoundwa kwa injeksheni haigawi mafuta sawa kwa silinda zote. Gari litawaka, ndiyo, lakini kupanda Lushoto litapanda likikohoa.

Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuifanya mifumo hii kuwa somo, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya magari ya kale tu. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini presha ya kukandamiza ikishuka mafuta huwa mazito, ataelewa injini ya Toyota ya leo kwa undani kuliko yule aliyejifunza kusoma namba ya kosa kwenye kioo. Kompyuta inafanya kazi ileile ambayo bamba, nta na pistoni vilifanya, ila imeificha ndani ya sanduku. Kwenye 911 au 404 unaiona kazi yenyewe, unaigusa, na unaipima.

Kwa mwenye gari anayepanga kupanda mwezi wa Julai, kazi ya Jumamosi moja kabla ya safari inatosha. Apime presha ya mfumo, presha ya kukandamiza ikiwa baridi na ikiwa ya moto, na presha inayobaki baada ya dakika 20. Aziandike kwa kalamu pamoja na joto la siku hiyo na tarehe, karatasi aiweke ndani ya gari penye kitabu chake. Akifika Lushoto apime tena asubuhi ya kwanza, kabla injini haijaguswa, na aandike namba mpya pembeni ya zile za pwani. Fundi yeyote atakayeitwa baadaye, awe wa Lushoto au wa Korogwe, aanze kwa kusoma karatasi hiyo kabla hajafungua sanduku la spana.